Kabla Hujasaini Vile Vitu Vipya

Mwanangu Zuhura,

Umekwenda Nkuhungu kumuaga shangazi yako, nami nimekaa barazani na karatasi hii kabla giza halijaingia. Salamu nakupa kwa mdomo kila siku, kwa hiyo hapa naziruka. Mambo ya kula, ya kuswali, ya kufunga mlango kwa komeo, nimeyasema wiki nzima mpaka ukaanza kunijibu "ndiyo mama" kabla sijamaliza. Hayo yamekwisha. Nina jambo moja tu, na nimeshindwa kulisema mbele yako kwa sababu nikianza nalia, na wewe ukiniona nalia unakubali kila kitu halafu unakwenda kufanya unavyotaka. Mwandiko wangu unaujua, soma taratibu.

Jana alipokuja yule kijana wa duka la fanicha nilikaa pembeni nikawaacha. Ni kijana mwenye adabu, alinipa shikamoo mara mbili, sina ugomvi naye. Alikuonyesha kwenye simu yake makochi, friji ya milango miwili, televisheni ya ukutani, na kile kitanda chenye taa kichwani. Akasema wewe sasa ni mtumishi wa serikali, huna haja ya kutoa hata shilingi, ni kusaini tu, makato yatajikata yenyewe kwenye mshahara na mzigo utaukuta Mpanda ulikopangiwa kazi. Akasema kesho atakuwa stendi kabla basi halijaondoka, na kalamu atakuja nayo. Wewe ukacheka. Mimi nikasema, tena kwa sauti ya chini, kwamba stoo kuna vitu nimekuwekea, vya watu waliohama, vizima kabisa. Ukanigeukia mbele yake ukasema, "Mama, sianzi maisha na mabaki ya watu."

Nikaenda kuchuja chai. Najua ulidhani nimekasirika, maana ulinifuata jikoni ukaanza kuosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi. Sikukasirika, mwanangu. Nilishtuka. Maneno yale niliwahi kuyasema mimi, karibu vilevile, nikamwambia baba yako.

Bibi yako aliniachia cherehani. Wewe huikumbuki, ulikuwa unatambaa. Ilikuwa ile nyeusi ya miguu, ya chuma kitupu, kuitoa chumba hiki kwenda kile lazima uite wanaume. Na bibi yako hakuinunua mpya. Aliinunua kwa mjane mmoja wa Kihindi hapa mjini aliyekuwa anafunga nyumba awafuate wanawe, na hata kwa huyo mjane ilikuwa imeshazeeka. Ilishona sare za watoto wa Makole miaka na miaka. Mimi nikaolewa nayo. Baba yako alikuwa anabeba magunia soko la mahindi Kibaigwa, nyumbani anarudi Ijumaa, na msimu ambao malori hayaji ni cherehani ile iliyokuwa inaweka sufuria jikoni. Nilikuwa naitia mafuta, mkanda ukilegea naukaza, basi. Haikuwahi kunidai kingine.

Kisha nikaingia kwenye mchezo wa vyombo. Siku hizi mnachezea pesa kwenye simu, zamani tulikuwa tunaviona kwa macho. Ikifika zamu ya mwenzenu mnakwenda kwake na muziki, kila mmoja amebeba chombo kichwani, kipya, na boksi lake lisifunguliwe. Mnacheza, mnakula pilau. Lakini kazi kubwa ya siku hiyo ni macho. Wanawake wanaingia mpaka chumbani kuangalia unaishi na nini. Aliyetuongoza alikuwa Mama Mwajuma, mteja wangu wa magauni, na yeye alikuwa ametoka kununua cherehani ya umeme, nyeupe, ina kifuniko kama mkoba. Zamu yangu ilipokaribia akaja na wenzake kuchukua gauni lake. Akaizunguka mashine yangu, akaigusa kwa kidole kama mtu anayepima vumbi, akasema, "Shoga, siku hiyo tunakuja kwenye sherehe au makumbusho?"

Wote wakacheka. Mimi nikacheka nao. Hicho kicheko changu ndicho kinachoniuma kuliko chao.

Nilimwambia baba yako wakati anakula kwamba nataka kuiuza. Akaniuliza mashine inaumwa nini. Nikasema haiumwi. Akauliza sasa naiuza kwa nini. Nikamwambia, "Mimi siwezi kuishi maisha yangu na mabaki ya marehemu." Aliangalia sahani yake muda mrefu, kisha akanawa mikono akaenda kuswali. Baba yako alikuwa hivyo, maneno yake yalikuwa yanaishia machoni.

Akainunua fundi Salumu, aliyekuwa anashonea kwenye baraza moja kule Sabasaba. Hakubishana bei. Ningekuwa na akili ningejiuliza fundi wa Sabasaba anaachaje kubishana bei. Alileta mkokoteni jioni ileile, kama mtu anayeogopa nisije nikazinduka. Kwa hela ile nikatanguliza ya mashine mpya ya umeme, nyeupe kama ya Mama Mwajuma, iliyobaki nikawa nalipa kidogokidogo dukani. Nyingine nikanunulia glasi za maua na seti ya sahani, ili waliokuja na vyao wakute na mimi ninavyo. Siku ya zamu yangu nyumba ilipendeza. Nikwambie kweli, nilifurahi. Nilicheza mpaka kanga ikadondoka.

Ile mashine haikumaliza mwaka. Ilianza kuruka mishono, kisha ikawa inakata uzi, kisha ikawa inanguruma tu bila sindano kushuka. Fundi akaifungua akanionyesha gurudumu dogo la plastiki, meno yake yamelika kama ya mzee. Akaniambia, "Hii haitengenezwi, mama. Hii inabadilishwa yote." Dukani hawakuwa na habari na meno, wao walitaka rejesho lao. Kwa hiyo kila mwezi nikawa nalipia mashine iliyokufa. Nguo za watu nikawa napeleka kushonwa kwa Salumu, kwenye cherehani ya mama yangu, halafu namlipa.

Sasa nakuja kwa baba yako. Wewe uliambiwa alikufa kwa tumbo, na watu wote wanasema hivyo, nami nikaacha waseme.

Alikuwa na ngiri, aliipata kwenye magunia. Ilikuwa inatoka akiinua mzigo, anajilaza anaisukuma inarudi, ananiambia nisimwambie mtu. Safari ile alirudi Kibaigwa kabla ya Ijumaa, ameinama. Usiku haikurudi, asubuhi akaanza kutapika. Ningemchukua palepale nikampeleka hospitali, Zuhura. Lakini nilisikia wanasema upasuaji, na upasuaji ni hela, na mimi nikaona aibu kufika mikono mitupu. Nikamwambia ngoja kidogo, natafuta. Nikapakia glasi zile na sahani kwenye karai nikaanza kuzunguka Makole.

Hakuna aliyenunua. Hawakuwa wabaya. Mama Mwajuma mwenyewe alizitoa moja moja akaziangalia, akanirudishia akasema kwa upole kabisa, "Shoga, hizi kila mtu anazo." Ilikuwa kweli, tulipeana wenyewe. Mashine nyeupe niliipeleka kwa fundi anunue kama chuma chakavu, akasema chuma kiko wapi humu. Mwisho nikaenda Sabasaba kwa Salumu. Nilimkuta anashona sare, mguu wake uko pale mguu wa mama yangu ulipokuwa. Nikamwomba anikopeshe. Alinipa alichokuwa nacho mfukoni, Mungu amlipe. Na katika kunihurumia akaniambia jambo ambalo hakujua linavyokata. Alisema, "Mama Zuhura, ungekuja nayo leo ningekupa zaidi ya ile niliyokupa. Juzi tu nimekataa mtu aliyeitaka kwa bei ya juu."

Niliporudi jua lilikuwa limeshapinda. Baba yako alikuwa ameacha kutapika, nikafurahi, nikadhani amepata nafuu. Tukambeba. Daktari alipotoka alinikalisha kwenye benchi, akaniuliza kwa sauti ya chini kwa nini tulichelewa hivyo. Nikamwambia tunakaa mbali.

Mwanangu, unajua kutoka Makole mpaka pale ni mwendo gani.

Nilinyamaza na hilo miaka yote. Mwaka wako wa pili chuo cha uuguzi ulikuja likizo, tukawa tunamenya vitunguu hapa barazani, ukawa unanisimulia mliyofundishwa. Ukasema kuna ngiri ikishakataa kurudi na mgonjwa anatapika, huyo hasubiri kesho, hata saa zinahesabiwa, na maumivu yakiacha ghafla ndiyo hatari zaidi kwa sababu utumbo umeshakufa. Ulieleza vizuri sana. Mimi nikafuta macho ukacheka ukasema vitunguu vya Singida vikali. Ndipo nilipojua nilichokifurahia siku ile.

Sisemi sahani zilimuua baba yako. Nimelipima hilo huku na huku, nikiwa kwenye edda na baada ya edda, na najua aliyekosea ni mimi, vyombo havina kosa. Ninachosema ni kidogo tu. Ningekuwa na ile mashine kuukuu, ningemwita Salumu asubuhi, angekuja na mkokoteni na hela, na kabla ya adhuhuri tungekuwa hospitali. Nyumba yangu ilikuwa imejaa vitu na hakukuwa na hata kimoja cha kuniokoa.

Baada ya hapo unajua. Nilianza kufulia wanafunzi wa chuo kikuu kule Chimwaga. Siku za mwisho wa masomo nikaona wanavyohangaika, mtu ana jiko, ana feni, ana pasi, na basi linaondoka kesho kwenda Bukoba, anakwambia mama nipe chochote. Nikawa nanunua. Wakija wapya naviuza. Halafu nikaingia kwa watumishi wanaohamishwa, maana Dodoma hii kila siku kuna anayekuja na anayeondoka. Ada yako ya chuo ilitokana na hao wanaoondoka. Na kule nikajifunza kitu ambacho Salumu alikijua zamani: kitu kipya kinaanguka bei siku unayokitoa dukani, na anayelipia lile anguko ni wewe. Ukinunua kizuri kilichokwishatumika, kuanguka kumeshalipiwa na mtu mwingine. Ukikitunza unakiuza kwa kilekile ulichonunulia, pengine na zaidi.

Lakini usidhani nakwambia mtumba wote ni mzuri. Nimepigwa sana. Nimewahi kununua feni ambayo ilikuwa inazunguka mbele ya mwenyewe tu, ilipofika kwangu ikasusa. Nimewahi kumuuzia binti wa mwaka wa kwanza hita ya maji bila kuijaribu kwenye umeme, ikampiga shoti mkono ukafa ganzi siku nzima. Alikuja kunirudishia wala hakunigombeza, ndiyo maana sijamsahau. Tangu siku hiyo kitu sikiuzi mpaka nimekiwasha nikakaa nacho.

Kwa hiyo ukinunua, angalia skrubu. Zikiwa zimechubuka vichwa, kitu hicho kimefunguliwa na mafundi wengi. Kipindue utazame chini, maana juu kila mtu anapafuta. Kinyanyue, chuma hakijifichi uzito. Nusa waya, uliowahi kuungua harufu yake haitoki. Na muulize mwenyewe kwa nini anauza. Anayekwambia nimehamishiwa Mtwara na lori linakuja kesho, huyo msikilize. Anayekwambia nimekichoka tu, mwache akichoke na mwingine. Ila mpira wa gesi nunua mpya. Godoro nunua jipya, hujui nani alifia juu yake. La kwako nimenunua jipya, lina karatasi yake bado, hilo usiniletee maneno.

Sasa hesabu yako mwenyewe. Mshahara wa kwanza wa watumishi wapya huwa unachelewa, umeniambia mwenyewe wenzako waliotangulia walikaa wakila kwa mkopo wa dukani. Utafika Mpanda ugenini, kodi ya chumba inakungoja, na kabla hujaushika huo mshahara tayari umeshamegwa, mwezi huu na ujao na miaka inayofuata. Friji ya milango miwili utaipanga kwenye chumba kimoja, kitanda chenye taa ni mbao za kubandika, ukidekia maji yakigusa miguu yake inavimba kama mkate kwenye chai. Wakikuhamisha hakifiki. Utakuwa na televisheni ukutani na huna nauli ya kuja kunizika.

Nisamehe hilo la mwisho. Nilitaka kulifuta, lakini ndilo ninaloliogopa kweli, si kufa kwangu bali kwamba utapata shida usiku, wewe au mtoto utakayemzaa, na utazunguka na karai kama mimi huku friji na makochi vyote viko nyuma yako havina wa kuvitaka. Wewe ni muuguzi, utakuwa unawaona wanaochelewa. Utawauliza kwa nini, na watakwambia wanakaa mbali. Usiwaamini wote.

Nikwambie vilivyo stoo, maana hukukubali hata kufungua mlango. Kuna kitanda cha mninga cha familia ya hakimu mmoja aliyehamia Arusha. Nilikiosha kwa maji ya sabuni, hakina hata msumari uliolegea. Kuna friji ndogo, nimelala nayo chumbani kwangu tangu Mfungo Mosi nikiisikiliza. Kuna jiko la gesi la plate mbili, pasi nzito, na meza ambayo mwenyewe aliniuzia huku anaipapasa. Sikuvipata siku moja. Nilikuwa nakuwekea tangu ulipoanza mafunzo ya wodini, kila kizuri kilichopita mkononi nilikuwa najiuliza hiki si cha Zuhura.

Kesho baada ya swala ya alfajiri atapita Ally, yule dereva aliyekuwa anapakiwa magunia na baba yako. Anakwenda Mpanda kuchukua mpunga, gari ni tupu, kanambia atavibeba kwa ajili ya marehemu. Nimemwambia asipakie chochote mpaka umwambie wewe kwa mdomo wako.

Na usivichukue kwa kunionea huruma. Ukisema hapana, sitanuna. Nitavitoa barazani, na najua wanaovitaka, wameshaniuliza. Wiki haitaisha vitakuwa hela, na hela hiyo nitakutumia yote kwenye simu, ukale, ukalipe chumba, ukalale chini kwenye godoro lako jipya mpaka mshahara uje. Sitapoteza hata senti, Zuhura. Hilo ndilo nililoshindwa kukwambia jana mbele ya yule kijana: kwamba vile vilivyo stoo unaweza kuvikataa kesho na bado vikakusaidia. Vile vyake ukishavikubali huwezi tena kuvikataa.

Nasikia watoto wa jirani wanakusalimia njiani, umefika. Nitaiweka hii juu ya begi lako nitoke uani, sitaki kukuona ukisoma. Ukimaliza njoo uniambie jibu, liwe lolote, usinyamaze kama baba yako. Na kama bado ni kusaini, nitakubebea begi mpaka stendi kama nilivyopanga, nitasimama pembeni kimya, nikuangalie unavyoliandika jina la baba yako baada ya lako kwenye karatasi ya yule kijana.

Ni mimi mama yako,
Mwanahamisi